Duara Juu, Kunde Chini: Uzuri na Sayansi Kwenye Mwamba wa Kakapel

Malaba inajulikana kwa malori. Foleni ya matrela yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda ikirefuka, hufika mbali kwenye barabara ya kutoka Bungoma, na mji mzima hula kwa foleni hiyo: mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha, wauza chapati, vijana wa bodaboda. Busia, mwendo mfupi kusini yake, ni vivyo hivyo, na ilikuwa hivyo hata kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018. Wasafiri wengi hupita miji hii miwili bila kujua kwamba katika kaunti hiyo hiyo ya Busia, upande wa Teso Kaskazini, kuna mwamba ambao jina lake huandikwa katika majarida ya kisayansi ya London na Marekani.

Mwamba huo ni Kakapel. Si pango lenye kina. Ni jiwe kubwa la matale lililobonyea upande mmoja na kuinamia mbele kama paa la baraza, kwenye vilima vya Chelelemuk, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea Mlima Elgon. Anayesimama chini yake hapati mvua wala jua la adhuhuri. Akiinua macho, anakutana na michoro: duara moja ndani ya jingine, maumbo ya mviringo, mistari, na ng'ombe wenye pembe, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Baadhi ya michoro imepandana, ishara kwamba ukuta huu haukuchorwa na mtu mmoja wala kizazi kimoja.

Wataalamu huyahusisha maduara na wawindaji waliokaa kuzunguka Ziwa Victoria kabla ya wakulima na wafugaji kufika, watu ambao masimulizi ya eneo hili huwaita Watwa. Maduara ya namna hiyo yapo Nyero, wilayani Kumi nchini Uganda, na yapo pia katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya. Ng'ombe ni kazi ya waliokuja baadaye. Wateso, ambao ndio wenyeji wa Kakapel leo, walifika magharibi mwa Kenya katika karne za karibuni wakakuta ukuta umekwisha kujaa.

Kwa anayejiuliza uzuri ni nini, na kama sanaa na sayansi zinapatana au zinagombana, mwamba huu unafaa kuulizwa. Juu kuna picha. Chini ya picha kuna udongo ambao wanaakiolojia wameuchimba kwa mwiko na kuuchekecha kwa ungo. Na mpangilio wa matukio unasema jambo: Kakapel ilifahamika kwanza kwa uzuri wake. Mtafiti Mkenya Osaga Odak aliandika habari za michoro hiyo mwaka 1977. Serikali iliitangaza kuwa mnara wa kitaifa mwaka 2004. Matokeo makubwa ya maabara yalikuja baadaye, mwaka 2020 na 2024. Picha ndiyo iliyoutia mwamba kwenye ramani, sayansi ikafuata njia.

Rangi ni kazi ya mjuzi

Nyekundu ya michoro ya aina hii hutokana na udongo wenye chuma, ule ambao mafundi seremala waliuita ngeu na kuutumia kupigia mstari kwenye ubao kabla ya kupasua. Kinachoupa wekundu ni oksidi ya chuma, madini yanayoitwa hematiti, jamii moja na kutu inayokula mabati. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwake. Rangi nyingi hufifia kwa sababu mwanga na hewa huzibadilisha kemikali zake. Chuma kilichokwisha kushika oksijeni hakina tena cha kubadilika. Rangi za majani na maua hazina bahati hiyo. Zikiachwa juani miezi michache, kwisha. Nyeupe nayo, ambayo hutokana na udongo mweupe, chokaa au majivu, haing'ang'anii jiwe kwa nguvu kama ngeu, na katika miamba mingi ya Afrika ndiyo hutangulia kupukutika.

Kwa hiyo mchoraji alipaswa kujua mengi kabla ya kugusa ukuta. Ajue ngeu nzuri inapatikana wapi. Ajue kwamba udongo wa manjano ukichomwa hadi kufikia nyuzi 250 au 300 za Selsiasi hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake na kugeuka mwekundu. Ausage laini, maana chembe kubwa hudondoka na chembe ndogo hupenya katika vinyweleo vya jiwe. Achague cha kuushikizia: maji matupu, mafuta, yai au utomvu. Kisha achague ukuta ambao maji ya mvua hayateremki juu yake. Kosa moja kati ya hayo lingetosha kuifuta picha ndani ya msimu mmoja. Maduara tunayoyaona ni yale ambayo wenyewe hawakukosea.

Ujuzi huu una umri wa kushangaza, na sehemu ya ushahidi wake iko Kenya. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakichimba Olorgesailie, kaunti ya Kajiado, walitangaza kwamba wamepata mawe ya rangi yenye alama za kusagwa, ya takribani miaka 300,000. Huko Afrika Kusini, katika pango la Blombos, zilipatikana kaka za konokono wa baharini zilizotumiwa kama vyungu vya kuchanganyia ngeu pamoja na makaa na mafuta ya mifupa, miaka 100,000 iliyopita. Aliyekoroga mchanganyiko huo alipima, alijaribu, alikumbuka kipi kilifaa na kipi hakikufaa. Hakuna dalili kwamba aliiona kazi hiyo kuwa fani moja na uchoraji kuwa fani nyingine.

Ndoo ya maji na mbegu iliyoungua

Sasa tushuke chini ya picha. Julai 2024, jarida la Shirika la Kifalme la Sayansi la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu mimea ya kale iliyopatikana Kakapel. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Steven Goldstein na Natalie Mueller kutoka vyuo vikuu vya Marekani, wakishirikiana na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Watu walianza kukaa chini ya mwamba huu zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, na swali lilikuwa: walikula nini, na kilimo kiliingia lini?

Kulijibu swali hilo kunahitaji kitu kidogo sana, mbegu. Tatizo ni kwamba mbegu huoza. Katika udongo wenye unyevu wa magharibi mwa Kenya, kunde mbichi iliyodondoka haidumu hata mwaka. Inayodumu ni ile iliyoponyoka chunguni au mkononi mwa mpishi ikaangukia motoni, ikaungua bila kuwa majivu. Ikishakuwa kaa, vijidudu havina cha kula ndani yake, nayo hubaki na umbo lake kwa maelfu ya miaka.

Kuitoa ardhini ni kazi ya maji. Udongo uliotoka mekoni humwagwa ndani ya chombo chenye maji na kukorogwa taratibu. Mchanga na mawe huzama. Kaa, kwa kuwa ni jepesi, huelea. Kinachoelea hukusanywa kwa kitambaa au chekecheo lenye matundu madogo sana, hukaushwa kivulini kisipasuke, kisha hupelekwa chini ya hadubini. Hapo ndipo kazi huwa ngumu. Mtafiti hukaa na rundo la vipande vyeusi vinavyofanana na kuanza kutenga: hiki kipande cha mti, hii mbegu ya nyasi za porini, hii ni wimbi. Anachotazama ni umbo, mkunjo, upana dhidi ya urefu, na kovu dogo pale mbegu ilipoungana na ganda lake. Kovu hilo ndilo humsaidia kuitambua kunde.

Kunde ilipatikana, na kipimo cha radiokaboni kikaonyesha miaka 2,300, karibu wakati uleule ambao watu wa eneo hilo walianza kutumia ng'ombe wa kufugwa. Wimbi ulikuwapo angalau miaka 1,000 iliyopita, na mtama pia. Ikapatikana hata njegere, iliyoungua lakini nzima, jambo ambalo watafiti hawakulitarajia kwa Afrika Mashariki ya enzi ya chuma. Nafaka na jamii za kunde hizi zilitoka pande mbalimbali na kwa nyakati mbalimbali. Kakapel, kumbe, imekuwa mahali pa mizigo ya wageni tangu kabla ya mpaka wowote kuchorwa.

Utafiti wa mwaka 2020, uliochapishwa Marekani, uliongeza watu kwenye habari hiyo. Ulichambua vinasaba vya watu 20 wa kale kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakiwamo waliozikwa Kakapel. Mmoja wao, wa takribani miaka 3,900 iliyopita, alikuwa na nasaba ya wawindaji wa kale. Wa karne za baadaye walikuwa na nasaba nyingine. Mwamba ni uleule, wenyeji wamebadilika, na waliokuja baadaye walikuta picha za waliowatangulia.

Je, kuyajua haya kunaipunguzia picha uzuri wake? Ni hofu ya zamani kwamba sayansi ikigusa kitu hukinyang'anya haiba. Kakapel inaonyesha kinyume. Anayejua kwamba mita chache chini ya ng'ombe wa kuchorwa ilipikwa kunde anauona ukuta ule kama ukuta wa nyumba ya watu, wenye moshi, njaa na watoto. Uzuri haukupungua, umepata mahali pa kukaa.

Jicho linalofundishwa

Kwamba sayansi nayo humhitaji msanii, hakuna mfano bora kuliko Mary Leakey. Alizaliwa London mwaka 1913, binti wa mchoraji wa mandhari, Erskine Nicol. Utotoni alipelekwa kuona michoro ya mapangoni Ufaransa. Shule hazikumkalia vizuri, wala hakupata shahada ya chuo kwa njia ya kawaida. Kilichomwingiza katika akiolojia ni mkono wake: alichora zana za mawe kwa ustadi hata wataalamu wakamtafuta awachoree vitabu vyao, na mmoja wao, Louis Leakey, akawa mumewe.

Mwaka 1959, huko Olduvai, ndiye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililowapa umaarufu. Lakini miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1951, alikuwa Kondoa, Tanzania, akinakili michoro ya miambani mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1983, na mwaka 2006 miamba ya Kondoa ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Jicho lililozoea kufuata mstari wa mchoraji wa kale ndilo jicho lililoutambua mfupa uliochomoza kwenye mteremko. Hakuwa na macho mawili, moja la sanaa na moja la sayansi.

Leo kuna wanaofanya kazi hiyo kwa kamera. Shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na mpigapicha David Coulson kwa ajili ya michoro ya miambani ya Afrika, limepiga picha katika nchi nyingi za bara hili, na Kakapel ni mojawapo ya maeneo lililoyatangaza. Maelfu ya picha za TARA zimewekwa pia katika hifadhi ya Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, ambako zimeorodheshwa moja moja.

Kompyuta nayo imeingia. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman alitengeneza programu ya DStretch, inayoweza kuonyesha mchoro uliofifia hata macho yasiuone. Hesabu iliyo ndani yake haikubuniwa kwa ajili ya sanaa. Ilitokana na kazi ya kuchambua picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, ambamo tofauti ndogo za rangi huweza kuonyesha aina ya mawe. Programu huchukua rangi zinazokaribiana, nyekundu hafifu na kahawia ya jiwe, na kuzisukuma mbali hadi zitengane. Ukuta uliodhaniwa mtupu huota maduara. Hesabu ya wapima ardhi imekuwa miwani ya watazamaji wa michoro.

Kwa nini duara?

Lakini kwa nini duara, na kwa nini linapendeza? Wanafalsafa wamebishana kuhusu swali la pili tangu Ugiriki ya kale. Wengine walisema uzuri uko ndani ya kitu chenyewe, katika ulinganifu na vipimo vyake. Wengine wakasema uko kwa mtazamaji. Mskoti David Hume, katika insha aliyoitoa mwaka 1757, alikubali kwamba ladha za watu hutofautiana, ila akashikilia kwamba mtu aliyezoea kutazama na kulinganisha huona zaidi ya asiyezoea.

Maabara zimejaribu kuingia katika ubishi huo. Mwaka 2011, Tomohiro Ishizu na Semir Zeki wa Chuo Kikuu cha London waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha michoro na kuwasikilizisha muziki. Kila mtu aliposema kitu ni kizuri, kiwe cha kuonwa au cha kusikika, sehemu moja ya mbele ya ubongo, juu ya matundu ya macho, ilichangamka. Mwaka 2014 Zeki na wenzake walirudia kwa wanahisabati 15, wakawapa fomula 60. Sehemu ileile ikachangamka mbele ya fomula waliyoiona nzuri. Iliyopendwa zaidi ni ile fupi ya Leonhard Euler inayounganisha namba tano maarufu za hisabati. Iliyoonekana mbaya zaidi ni ya Srinivasa Ramanujan, ndefu na yenye tarakimu zisizozoeleka, ingawa aliyeiandika ni mmoja wa vipaji vikubwa vya hisabati duniani.

Majaribio haya yana mpaka wake. Yanaonyesha uzuri unapopokelewa, hayaonyeshi kwa nini hili lipokelewe na lile likataliwe. Ila yanafundisha jambo moja lenye uzito: wanahisabati waliielewa fomula ndipo wakaiona nzuri. Kuelewa kunafungua mlango, hata kama si kwa kila mtu wala kila mara.

Kuhusu duara lenyewe, wanahisabati walikuwa na la kusema pia. Mwaka 1979 Bard Ermentrout na Jack Cowan walionyesha jambo la ajabu kuhusu njia ambayo picha hutoka jichoni kwenda ubongoni. Seli za sehemu ya ubongo inayoona zimepangwa hivi kwamba mistari iliyonyooka ya mchangamko ndani ya ubongo huonekana kwa mtu kama maduara, miale au mizunguko ya konokono. Ndiyo maana mtu anayeumwa kipandauso, mwenye homa kali au aliyekesha kwenye ngoma hadi akapandisha pepo, huweza kuona maumbo hayo hata akiwa amefumba macho. Mwaka 1988 David Lewis-Williams na Thomas Dowson wa Afrika Kusini walitumia hoja ya namna hii kusema kwamba sehemu ya michoro ya miambani ni maono ya watu waliopandisha.

Wengine wameikataa hoja hiyo, au wameikubali nusu. Kila mtu ameona duara: mwezi, kinywa cha chungu, mawimbi pale jiwe lilipotumbukia majini. Si lazima apandishe ndipo alichore. Mtafiti Mganda Catherine Namono, aliyesoma michoro ya Uganda kwa kina, anaitafsiri kwa kuangalia maisha na imani za wawindaji wa misituni waliobaki, si kwa ubongo peke yake. Na kule Mfangano, wenyeji walizitumia sehemu zenye michoro kwa mambo ya mvua hata baada ya wachoraji wenyewe kutoweka. Kwa mtu anayesubiri mvua, duara jekundu halikuwa pambo.

Hapo sayansi na sanaa zinagawana kazi. Sayansi inaweza kusema nyekundu imetoka wapi, mbegu ina umri gani, na kwa nini jicho la binadamu huvutwa na mizunguko. Maana aliyoikusudia mchoraji ilikuwa mali ya jamii yake, na iliishia na waliojua kuisimulia.

Akogo na hesabu ya ulimi wa chuma

Uzuri hauko machoni tu. Wateso wana akogo, ala ya ubao yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ndugu ya ala nyingi za namna hiyo Afrika nzima. Fundi wa akogo haupi kila ulimi sauti yake kwa kupima na rula. Anauvuta au anausukuma kidogo juu ya daraja lake, anaupiga, anasikiliza, anausogeza tena.

Fizikia ina hesabu ya kazi hiyo. Kwa ufito ulioshikwa upande mmoja, kasi ya mtetemo hupanda kadiri urefu unavyopungua, tena kwa mraba wake. Ulimi ukikatwa nusu, sauti hupanda mara nne, yaani oktava mbili. Ukifupishwa kwa asilimia 5 tu, sauti hupanda kwa takribani asilimia 11, karibu hatua nzima ya muziki. Hii ndiyo sababu fundi huusogeza ulimi kwa unywele: upana wa kucha unaweza kuharibu wimbo mzima.

Kuna jingine. Uzi wa gitaa ukipigwa, sauti ndogo zinazoambatana na sauti kuu ni mara 2, 3, 4 ya sauti hiyo, ndiyo maana husikika zimeshikamana. Ulimi wa chuma haufuati mpango huo. Mwenzi wa kwanza wa sauti yake yuko juu zaidi ya mara 6, tena si mara 6 kamili. Mlio wake una ukali mwanzoni, halafu ukali hufa upesi na sauti kuu hubaki. Aliyezoea piano anaweza kuona ni kasoro. Katika ala nyingi za aina hii mafundi huongeza makusudi vikuku vidogo au vizibo vya soda ili ala ilie kwa mkwaruzo. Fundi mitambo atauita mkwaruzo huo kelele na kutafuta namna ya kuuondoa. Mpigaji atasema ala isiyo na mkwaruzo imekufa. Hesabu ya mtetemo ni moja kwa wote wawili, na bado haitoshi kuwaamulia kipi kizuri.

Chembe ya rangi

Swali ambalo kila mgeni wa Kakapel huuliza ni: picha hizi zina umri gani? Hapa ndipo sanaa na sayansi hugongana kweli.

Radiokaboni hupima kaboni ya kitu kilichowahi kuwa hai. Kunde iliwahi kuwa hai, kwa hiyo ilipimika moja kwa moja. Ngeu ni chuma na oksijeni, haina kaboni. Labda ilichanganywa na mafuta, yai au utomvu, na hivyo vina kaboni, lakini baada ya karne nyingi za unyevu, ukungu na moshi wa meko, kaboni ya zamani imechanganyika na ya jana. Ili kujaribu, mtafiti lazima akwangue chembe ya rangi aipeleke maabara. Mitambo ya leo inaridhika na kiasi kidogo mno, chini ya miligramu moja ya kaboni. Hata hivyo chembe ikishakwanguliwa hairudi, na kila duara la Kakapel ni la pekee. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kulikwangua kwa hiari yake, awe profesa au mvulana mwenye msumari.

Vipo vifaa visivyogusa. Kimoja ni cha kushikwa mkononi, kinarusha miale ya eksirei na kusoma inayorudi, kisha kinaonyesha ni elementi gani zimo: chuma hapa, kalsiamu pale. Kinaweza kudokeza kama nyekundu mbili zimetoka udongo mmoja, hivyo kusaidia kutenganisha mkono wa mchoraji mmoja na wa mwingine. Umri hakiwezi kuusema.

Wakati huohuo maadui wa picha hawasubiri utafiti. Maji yanayoteremka juu ya jiwe huleta chumvi inayoinua rangi. Kuvu na ukungu wa mwamba hula kivulini. Moshi huweka utando mweusi. Vidole huacha mafuta na jasho. Wapo hata wageni ambao, wakitaka picha ya simu itoke vizuri, huumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae. Hung'aa kwa dakika chache, na kila mmwagio huondoka na chembe zake.

Kinachobaki kwa sasa ni kupima umri kwa kufikiri, na Kakapel imetoa vifaa vya kutosha. Mtu hachori ng'ombe wa kufugwa kabla hajamwona, na ushahidi wa ardhini unaonyesha wanyama hao walianza kutumiwa eneo hilo karibu wakati wa kunde, miaka 2,300 iliyopita. Kwa hiyo ng'ombe wa ukutani wana mwanzo ambao hawawezi kuuvuka kurudi nyuma. Maduara, ambayo wataalamu huyahesabu kuwa ya kale kuliko ng'ombe, hayafungwi na mwanzo huo. Yanaweza kwenda nyuma hadi siku za wawindaji waliozikwa chini yake.